Mkoba wa Vijana Kumi na Wanane

Inspekta Cecilia Chilumba alikuwa amekwisha kuwadharau viongozi wa Mwambao Rovers kabla hajashuka garini. Bango lilimtosha. Lilitundikwa juu ya baraza ya ofisi ya klabu, mtaa wa nyuma ya soko la Kilwa Masoko, limeandikwa DIRA YA MIAKA MITANO: KUTOKA KILWA HADI AFRIKA NZIMA, na chini ya maneno kulikuwa na picha ya uwanja wa ghorofa nne wa nchi za watu, taa zinawaka, nyasi zimetandazwa kama zulia. Uwanja wenyewe wa Mwambao Rovers alikuwa ameupita njiani. Mbuzi watatu walikuwa wanatafuna wavu wa goli.

Koplo Modesti alimsubiri barazani, jalada kwapani. Alikuwa mtu mzima, askari mzuri kabisa kwa wizi wa mifugo na ugomvi wa mipaka ya mikorosho. Lakini siku hiyo, ndani ya shati la sare, alikuwa amevaa jezi ya klabu, na kola ya bluu ilichungulia shingoni.

"Jambo lenyewe limekwisha, afande," alisema. "Mtuhumiwa tunaye. Imebaki saini yako tu."

"Nimeondoka Lindi alfajiri kuja kutia saini?"

"Namaanisha ushahidi upo."

"Nisimulie kama mtu asiyejua mpira, maana siujui, na sina haraka ya kuujua."

Modesti akasimulia. Miezi miwili iliyopita Mwambao Rovers ilikuwa imepanda Ligi Kuu, mara ya kwanza tangu iundwe. Mkutano mkuu wa wanachama ulikaa, ukabishana kutwa nzima, na mwisho ukapitisha mpango wa Mwalimu Abdurahmani, msaka vipaji wa klabu. Mpango ulisema wasikusanye wazee waliotemwa na timu za Dar es Salaam. Wasajili vijana kumi na wanane wa vijijini, wawalee pamoja kwa miaka mitano. Mwalimu alizunguka kuanzia Miteja mpaka Kiranjeranje kwa pikipiki, wiki kwa wiki, akiwasaka mmoja mmoja. Fomu zao zenye dole gumba la wazazi, pamoja na vyeti halisi vya kuzaliwa, zilikuwa ndani ya mkoba mmoja wa turubai, na mkoba ulikaa mezani ofisini. Ijumaa mchana, watu wakiwa wamekwenda kuswali, mkoba ukaibiwa.

"Na usajili unafungwa lini?"

"Leo, afande. Saa kumi na mbili jioni."

Cecilia alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na robo. "Mkoba usipopatikana?"

"Vijana hawachezi. Wanarudi kwenye mikorosho. Mwenyekiti amesema itabidi asajili wazoefu kumi na mmoja kutoka Dar. Majina anayo tayari."

"Anayo tayari. Mtu wa bahati huyo," Cecilia alisema. "Na mtuhumiwa wako?"

"Mwalimu mwenyewe. Tulimkamata jana jioni. Mwenyekiti anasema amewauza wale vijana kwa timu nyingine, na kweli, mle ofisini nyayo ni zake tu."

Alitoa simu akamwonyesha picha alizopiga Jumamosi. Sakafu ya saruji ilikuwa na vumbi jekundu la siku kadhaa. Katika vumbi zilionekana nyayo za makobazi ya matairi, kutoka mlangoni hadi mezani na kurudi. Kati ya meza na dirisha hapakuwa na unyayo wowote, ila alama moja pana, kama kitu kilichoburutwa. Chupa ya wino ilikuwa imeanguka ukingoni mwa meza, upande huo huo wa dirisha.

"Picha hizi umezipigia wapi?"

"Dirishani. Mwenyekiti aliniambia nisiingie, nisivuruge ushahidi."

"Mwenyekiti anafundisha na upelelezi," Cecilia alisema, akaenda mlangoni. Aliusukuma kwa kidole kimoja. Mlango ukafunguka bila ubishi.

"Kitasa kilikufa mwezi uliopita," Modesti alieleza. "Kila mtu anajua. Wanaegesha tofali tu ili mbuzi wasiingie."

Cecilia akaingia, akavuka chumba, akasimama dirishani. Nondo mbili zilikuwa zimetanuliwa, zimeachana kama miguu ya mlevi. Katikati pangepenya mtu mwembamba, tena kwa kujinyonganyonga. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka sehemu mbili zilizotazamana, kwa umbo la mraba. Mikono haipindi nondo namna ile. Ile ilikuwa kazi ya jeki ya gari.

"Mwalimu ni mwembamba, afande. Anapenya pale bila shida."

"Koplo, sikiliza. Mlango hauna kitasa, mji mzima unajua. Mwizi anauacha mlango wazi, anazunguka nyuma, anatoa jeki, anahangaika na nondo mchana kweupe. Kwa nini?"

Modesti alifikiri. Ilikuwa kazi ngumu na ilionekana usoni. "Ili tudhani ni mtu wa nje."

"Mtu wa nje angesukuma mlango. Kuvunja dirisha hakumsingizii mgeni wala mwenyeji. Kunamsingizia punguani."

Cecilia akachungulia nje kupitia zile nondo. Ukutani nyuma ya ofisi kilikuwa kimeegemezwa kingoe, ule mti mrefu wenye kulabu nchani wa kuangulia maembe. Mwenye mti ule hakuhitaji kuingia. Angeingiza mkono na mti, angenasa mpini wa mkoba, akauburuta mpaka kwake. Kwa hiyo mwizi hakukanyaga chumba kabisa. Swali lilikuwa kwa nini aliogopa kukikanyaga.

Mwenyekiti alifika saa tano, ndani ya gari jeupe ambalo dereva alilisimamisha katikati ya njia ili watu waone ni nani anashuka. Shamte Likwena alikuwa amewahi kuwa diwani kipindi kimoja, na tangu hapo hakupata kupona. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakata, na manukato yake yalifika barazani kabla yake.

"Karibu Kilwa, Inspekta. Tuketi hapa barazani, ndani kuna joto."

"Nimetoka ndani sasa hivi. Kuna ubaridi mzuri."

"Hapa kuna upepo," alisema Shamte, na viti vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Cecilia akafungua jalada, akatoa maelezo ambayo mwenyekiti alikuwa ameyaandika na kuyatia saini Jumamosi. Alimsomea. "Jumamosi saa mbili asubuhi nilifungua mlango nikaingia ofisini, nikasimama mbele ya meza, nikaona mkoba haupo na nondo zimepinda. Ni maneno yako?"

"Neno kwa neno."

"Uliingia peke yako?"

"Mimi ndiye kiongozi. Kwenye tatizo kiongozi hutangulia."

"Na Ijumaa wakati wa swala?"

"Inspekta, safu ya kwanza msikitini ina nafasi yangu. Muulize yeyote." Aliinama, akashusha sauti kama anayetoa zawadi. "Mwalimu ni mtu wa vitabu. Alituletea mpango wa kurasa arobaini. Mashabiki hawali miaka mitano. Mashabiki wanataka kushinda Jumapili. Sasa alipoona mpango hautekelezeki, akatafuta mnunuzi. Ndiyo tamaa ya wasomi hiyo."

"Lakini mkutano mkuu ulimpa kura."

"Mkutano mkuu," Shamte alisema, akatabasamu jinsi watu wanavyotabasamu wakitajiwa jina la mtoto mtundu.

Cecilia alimchukia kwa utulivu. Alikwisha kukutana na wezi wengi waliomfanya awaonee huruma, na majambazi wawili watatu waliomfanya aogope. Hawa wa kanzu nyeupe walimchosha tu. Walikuwa na hakika kwamba ulimwengu mzima una akili ndogo kuliko ya kwao, na ushahidi wao ulikuwa kwamba wao ndio wanaoketi mbele.

Mwenye nyumba ile ya ofisi alikuja kwa miguu kutoka duka lake la vifaa vya ujenzi, nyumba tatu kutoka pale. Abizer Kurbanali alikuwa mweka hazina wa klabu, mtu mfupi wa maneno machache, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Familia yake ilikuwa inauza misumari Kilwa tangu enzi za babu yake.

"Duka lako lina vitasa?" Cecilia alimwuliza.

"Aina saba."

"Na mlango huu hauna hata kimoja."

"Aibu yangu, Inspekta. Lakini huwezi kufunga kitasa kwenye fremu mbovu. Mchwa walikula fremu chini. Jumatano nilileta seremala, akachimba kizingiti, akamwaga zege, akarudishia udongo. Zege likauke, ndiyo kitasa. Kazi kwa utaratibu."

"Seremala alikuja saa ngapi?"

"Mchana, saa ya chakula. Hapakuwa na mtu hapa. Kwani nani huwa yupo?"

Hilo Cecilia aliliandika, ingawa bado hakujua litamfaa nini. Alimwuliza nani hakwenda kuswali Ijumaa. Abizer alifuta miwani muda mrefu. Mwisho akasema kwamba hapendi kusengenya, lakini kocha Ignasi ni Mkristo kutoka Songea, na saa ile alikuwa peke yake, na yeye pia aliwataka wazoefu.

Kocha alipatikana uwanjani, anawafukuza mbuzi. Maswali yalimkera. Ijumaa mchana alikuwa wapi? Alikuwa hapa hapa. Na nani? Na chokaa, anapiga mistari. Nani alimwona? Jua. Cecilia akaomba simu yake. Kocha akagoma, kisha akaitoa kwa hasira. Ijumaa, kuanzia saa saba kasorobo mpaka saa nane kasoro dakika tano, Ignasi alikuwa amezungumza na namba moja bila kukata.

"Huyu ni nani?"

"Katibu wa timu ya Mbeya," kocha alisema. "Naomba kazi. Usiwaambie hawa."

"Msimu haujaanza."

"Afande, hawa wana mpango wa miaka mitano na mimi wamenipa mkataba wa miezi mitatu. Hesabu hiyo hata mbuzi anaiweza."

Mtu hawezi kupinda nondo huku ameshikilia simu sikioni kwa saa nzima na dakika kumi. Cecilia akamwacha na mbuzi wake. Saa ilikuwa saba, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa jeki asiyoiona na woga asiouelewa.

Alirudi ofisini kwa njia ya nyuma. Chini ya ukuta alimkuta mama wa makamo anakaanga mihogo. Modesti alikuwa amemtaja kwa kupitia tu: Sauda, anayefagia ofisi. Cecilia aliinama.

"Shikamoo, mama."

Sauda aliinua uso, akamtazama kama mtu aliyepotea njia. "Marahaba, mwanangu. Karibu muhogo."

"Kingoe hiki ni chako?"

"Changu. Ijumaa nilikikuta kimelazwa chini, mimi huwa nakisimamisha."

"Na ofisi mbona haijafagiwa?"

Mama aligeuza mihogo taratibu. "Nimekatazwa. Tangu Alhamisi."

"Na nani?"

"Mwenyekiti. Alimleta fundi wake kutoka Kiranjeranje, yule mganga anayewatengenezea timu. Fundi akaona udongo mpya pale chini ya mlango, akasema wapinzani wamefukia kitu. Mtu wa timu akikivuka kizingiti kabla hakijateguliwa, timu inashuka daraja mwaka huu huu. Atakuja kukitegua Jumatano."

"Nani alisikia haya?"

"Mwenyekiti, fundi, na mimi na ufagio wangu. Akaniapisha nisiseme. Eti Mwalimu atatucheka, Bwana Abizer atakasirika, kocha atakimbia. Ijumaa asubuhi nikamwona Mwalimu anavuka, na Jumamosi tena. Roho iliniuma, nikanyamaza."

"Sasa mimi mbona umeniambia?"

"Wewe umeniamkia," Sauda alisema. "Wale hawaniamkii."

Cecilia alikula kipande cha muhogo ili apate muda wa kutocheka. Udongo mpya. Zege la Abizer, mchwa wa Abizer, kazi kwa utaratibu. Mwizi alikuwa na mlango usio na kitasa mbele yake, na akaenda kuhangaika na nondo kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji.

"Swali la mwisho, mama. Ijumaa mwenyekiti aliswali wapi?"

"Mume wangu alishangaa. Alimkuta safu ya nyuma kabisa, na watoto, amechelewa, anahema. Gari lake lilikuwa hapa nyuma kivulini. Nikadhani kalikinga na jua."

Saa nane Modesti alimleta Mwalimu Abdurahmani kutoka mahabusu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba kama upondo wa mtumbwi, amestaafu kufundisha sayansi shule ya msingi. Hakulalamika kuhusu kulala chini. Aliuliza saa ngapi.

"Saa nane na dakika ishirini," Cecilia alimjibu.

"Fomu moja inachukua dakika sita kuingiza kwenye mtandao. Kumi na nane ni saa moja na dakika arobaini na nane, kama umeme hautakatika." Akainua uso. "Afande, kuna kipa wa Kiranjeranje. Baba yake alikataa kabisa. Mama yake akamchukua mtoto, wakatembea kwa mguu mpaka kwa mtendaji kuweka dole gumba, na kurudi. Nilimwahidi kwamba karatasi ile haitapotea. Unifunge, sawa. Lakini yule mama nitamwambia nini?"

"Nenda kwanza ndani, ukakae mezani. Wote watakuja kusaini maelezo hapo."

Mwalimu akavuka kizingiti bila kukitazama, akaketi.

Saa tisa mtaa ulikuwa umejaa. Habari kwamba askari kutoka Lindi anawaita viongozi ilikuwa imefika sokoni, na mashabiki walisimama mpaka upande wa pili wa njia na jezi zao za bluu. Cecilia alikuwa ameondoa viti vyote pale barazani. Ndani aliacha meza, kompyuta ya kusajilia, kalamu na karatasi. Aliusukuma mlango mpaka mwisho, akasimama ndani, hatua mbili kutoka kizingitini.

"Bwana Abizer."

Abizer alifuta viatu, akaingia, akalitazama zege lake kwa kuridhika, akasaini.

"Kocha."

Ignasi aliingia anaangalia simu. Alikuwa nusu Mbeya tayari. Akasaini, akaegemea ukuta.

"Mheshimiwa Mwenyekiti."

Shamte alikuja mpaka mlangoni, akasimama. Ncha za viatu vyake zilikuwa shubiri moja kutoka kizingitini.

"Leteni hapa, nisaini."

"Meza iko ndani."

"Goti langu lina matatizo."

"Kizingiti kimeinuka vidole vitatu, Mheshimiwa. Umepanda jukwaa la kampeni na goti hilo hilo."

Watu wakacheka huko nyuma. Shamte aligeuka, kicheko kikafa, akageuka tena. Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo.

"Sioni sababu ya kulazimishwa kuingia kwenye ofisi yangu mwenyewe."

"Hata mimi sioni," Cecilia alisema. Alichukua jalada, akasoma kwa sauti ya kufika ng'ambo ya njia. "Jumamosi saa mbili asubuhi nilifungua mlango nikaingia ofisini, nikasimama mbele ya meza. Umeandika, umesaini. Sasa mimi nimeambiwa kwamba tangu Alhamisi wewe unajua kuna kitu kimefukiwa hapa chini. Umeambiwa na fundi wako kwamba mtu wa timu akikivuka, Mwambao Rovers inashuka daraja. Ni kweli?"

Mashabiki walitazamana. Mtu mmoja alisema "Lahaula" kwa sauti ndogo.

Shamte alirudi nyuma nusu hatua.

"Basi tuchague pamoja. Kama maelezo yako ni ya kweli, Jumamosi ulikivuka kizingiti huku unajua, na hawa wote nyuma yako wanastahili kujua nani aliyewashusha daraja. Kama hukukivuka, basi umedanganya polisi kwa maandishi. Na uliyoyaeleza ya ndani, meza na nondo, uliyaona kutoka dirishani, siku uliyokuwa dirishani na jeki. Chagua lolote. Au ingia tu usaini, yaishe."

Alisogea pembeni kumpisha. Mlango ulikuwa wazi, na kati ya mwenyekiti na meza hapakuwa na kitu ila hatua nne za sakafu yenye vumbi.

Shamte aliutazama mguu wake wa kulia kama mguu wa mtu mwingine. Akauinua kidogo. Nyuma yake shabiki mmoja akasema taratibu, "Mzee, usifanye hivyo." Mguu ukarudi chini.

"Sikuingia," alisema.

"Sema wakusikie."

"Jumamosi sikuingia. Wala Ijumaa." Akavua kofia, akajifuta. "Ile timu si ya watoto wa shule, Inspekta. Mimi ndiye nitakayetukanwa tukifungwa saba. Si Mwalimu. Miaka mitano mimi nitakuwa hai?"

"Mkoba uko wapi?"

"Garini. Chini ya tairi la akiba."

Modesti alikwenda na dereva. Alirudi na mkoba wa turubai mkono mmoja na jeki mkono mwingine, na kwenye meno ya jeki kulikuwa na rangi ya kijani. Alivishika mbali na mwili wake. Kola ya bluu haikuonekana tena. Alikuwa amefunga kifungo cha juu.

"Siku tatu umekaa nao," Cecilia alimwambia Shamte. "Mbona hukuchoma karatasi?"

"Ndani mna majina ya watu," Shamte alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema anachokiamini. "Majina hayachomwi. Yanarudi."

Cecilia alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, lakini akaona yote ni hasara. Akamwomba Bwana Abizer atoke awaeleze watu kuhusu kizingiti. Abizer akasimama barazani akaeleza mchwa, seremala, uwiano wa mchanga na saruji. Walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemwamini. Mzee mmoja alimwuliza kama ana hakika seremala wake si shabiki wa timu ya Mtwara.

Shamte aliondoka ndani ya gari la polisi, kiti cha nyuma. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Mwalimu," Cecilia aliita. "Uko huru. Mkoba wako huu, nitauandikia hati, karatasi uzitumie kwanza. Kazi."

Mwalimu Abdurahmani alikuwa ametoka barazani kuupokea. Aliukumbatia kifuani, akahesabu fomu kwa vidole, midomo inacheza. Kumi na nane. Akageuka kurudi ndani, kwenye kompyuta yake. Alipofika mlangoni akasimama.

Cecilia alidhani amechoka.

"Mwalimu, saa inakwenda."

"Naona."

"Umefundisha sayansi miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Na kizingiti hicho umekivuka Ijumaa, Jumamosi, na leo saa nane, mbele yangu."

"Nilikuwa sijui, afande," Mwalimu alisema. Hakuwa na haya, wala hakuwa anatania. "Asiyejua hana lawama. Sasa najua. Hawa ni watoto wa watu. Mimi ni nani niwachezee bahati yao?"

Akampa mkoba Modesti, na ilionekana Modesti alikuwa anangoja kupewa. Mwalimu akazunguka nyuma ya nyumba, mrefu na mwembamba, akavua makobazi, akapitisha kichwa katikati ya nondo zile zile zilizompeleka mahabusu. Akanasa kiunoni. Kocha Ignasi alimvuta kwa ndani na Sauda alimsukuma kwa nje. Akaanguka sakafuni, akajikung'uta vumbi, akapokea mkoba kutoka dirishani kwa mikono miwili, akaketi kuanza na yule kipa wa Kiranjeranje.

Saa kumi na mbili kasoro dakika saba mtandao ukapokea fomu ya kumi na nane. Cecilia alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake muda wote, na alipoliona jina la mwisho likikubaliwa alifurahi, jambo lililomkera. Akachukua jalada lake, akatoka kwa mlango, juu ya kizingiti kile kile.

Umati ulimpisha. Ulimpisha mbali kuliko ilivyohitajika, wengine wakavuta watoto, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono wa kwaheri, mpaka anaingia garini.